Uvundo wa Samadi

Kariakoo, 1954

Dada Kijakazi, shikamoo.

Mbegu zako za pilipili zimeota vizuri kwenye madebe uani. Naloweka samadi ya mbuzi wetu kwenye ndoo mpaka ichache, nazimua kwa maji, namwagilia. Zimezaa hadi matawi yanainama.

Bushiri bado ananitawisha. Akienda kazini bandarini, mlango wa mbele anautia kufuli. Mama usimwambie.

Juzi uvundo wa ndoo ulimshinda mume wangu huyo. "Mimi siigusi! Kamwage mtaroni, urudi!" Akafungua mlango mwenyewe. Dada, nilitembea na ndoo yangu mpaka Ilala, watu wakinipisha. Kisha nikarudi, ningekwenda wapi?

Pilipili hazihitaji tena mbolea. Lakini leo nimeloweka ndoo nyingine, nikatia na vichwa vya samaki.

Mdogo wako,
Sitara