Makande Kwa Isihaka

Pangani, 19 Januari 2025

Baba mpendwa, shikamoo. Habari za Same, na kifua cha mama kimepoa? Sisi wazima, ila mwani mwaka huu ni balaa. Juzi nikifungua kamba zangu za mwani baharini nilikuta kibakuli cha plastiki, na kwenye kifuniko limechapwa jina la hoteli yako, "Makande Kwa Isihaka". Baba, niliona aibu mbele ya wenzangu! Plastiki zinajiviringisha kwenye kamba, mwani unaoza, na mimi sina kazi nyingine. Mbona zamani mlifunga kwa majani ya mgomba na watu walishiba? Tafadhali, nisivione tena.

Binti yako,
Yasmini

Same, 9 Februari 2025

Mwanangu, marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu sana. Sikufichi, nilikasirika. Basi linasimama dakika kumi, abiria wanagombana na utingo, nawe unaniletea habari za majani! Lakini mama yako amelishikia bango. Ameagiza majani ya mgomba kutoka Suji, na anayekula hapahapa anapewa sahani ya bati. Haya, mmeshinda. Mfungo ukiingia, hotelini hakutakuwa na kibakuli hata kimoja.

Barua hii nampa Loth, dereva wa basi linalopita Tanga hadi Pangani.

Baba yako

Pangani, 2 Machi 2025

Baba, shikamoo. Ramadhani njema kwenu. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu hadi mume wangu akauliza kulikoni. Ahsante, baba. Je, vile vibakuli vilivyobaki stoo umevipeleka wapi?

Binti yako

Same, 27 Aprili 2025

Mwanangu, assalaam alaykum. Ulifika salama baada ya siku zetu tatu za matanga? Kwenye simu nilisema mama yako amechukuliwa na maji jikoni, na msibani nikasema hivyohivyo. Sikumaliza.

Uliniuliza vibakuli viko wapi. Viroba kumi na vinne nilivimwaga korongoni, nyuma ya jiko. Unajua hapa kwetu korongo kavu ndilo jalala. Tunasema mvua itachukua. Mvua ilikuja mchana, ikavichukua hadi kwenye kalavati la barabara kuu, vikaliziba. Maji yakarudi hadi jikoni. Mama yako alikuwa anapanga majani yake ya mgomba. Mimi nilikuwa mbele, nawahi abiria.

Kalavati lilipozibuliwa nilisoma jina langu kila mahali. Uliogopa vitafika baharini. Hivi havikufika. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

Same, 29 Juni 2025

Mwanangu, natanguliza marahaba, ingawa hujaniamkia. Loth anasema barua ile alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani.

Hoteli nimeifunga. Sahani za bati zipo, zile alizonunua mama yako. Mimi nakula kwenye moja, nyingine nazifuta vumbi.

Sikuombi uje. Andika shikamoo tu, yatosha. Loth anapita kila Jumatano, nami huwa namsubiri stendi tangu asubuhi.

Baba yako