Anche ya Mutambala

Ijumaa, 1 Septemba
Chai, kisha saksafoni, kabla wateja hawajaniletea vitambaa. Nimelowesha anche zangu tatu, vile vipande vya tete vinavyotoa sauti, kwenye kikombe. Ya kwanza ngumu kama ubao, pumzi haipiti. Ya pili imechoka, inalia kama mbuzi. Ya tatu ndiyo mke wangu wa pili; wa kwanza, Apendeki, asisome hapa. Vitete vitatu, na kimoja tu kinachofaa.

Mama Bitisho alipita cherehani ikiwa bado haijapata joto. Yeye ndiye anayeongoza wanawake wa animation, wale wanaocheza na kuimba nyimbo za chama. Commissaire, mkubwa wa serikali, anakuja Jumamosi ya tarehe 16. Katika wimbo mkubwa, pale juu kabisa, saksafoni itabaki peke yake. "Ile noti ya yulu, citoyen Asende, isikatike." Nimeitika.

Nakumbuka ya Mulonda. Mwaka jana ngoma yake iliteleza mbele ya mkubwa. Wakasema anadhihaki, wakamchukua mpaka gereza la Fizi. Alirudi amekonda. Tangu hapo hajagusa ngoma, wala hasemi aliyoyaona. Ni jirani yangu. Tunasalimiana tu.

Jumapili, 3 Septemba
Alimasi mvuvi anaondoka na boti kwenda Kazimia, labda hadi Kalemie. Nimemwagiza anche, namba mbili na nusu, ndiyo ugumu wake. Nimemwandikia namba kiganjani kwa kalamu, maana karatasi angefungia tumbaku. Amecheka. Anasema samaki anawajua, matete ya kuimba hayajui. Hakusema atarudi lini.

Jumatano, 6 Septemba
Nimeivunja. Mimi mwenyewe.

Nilikuwa najipima abacost, suti ya taifa isiyo na tai, niliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo, anche nzuri nimeitia mfukoni. Kuitoa, uzi ukashika ncha. Ncha ikameguka. Fundi cherehani mzima, nimeuawa na uzi wangu. Nimemfokea kuku asiye na kosa. Apendeki kaniwekea bugali na ndagala, nimekula kwa hasira.

Alhamisi, 7 Septemba
Nimeshinda mtoni, Mutambala. Nimekata matete yaliyokauka yakiwa yamesimama, nichonge anche mwenyewe. Mabichi yanavimba mdomoni. Kisu, kisha wembe, kisha kipande cha chupa cha kukwangulia. Unakwangua, unainua kwenye jua, unatazama kivuli cha katikati kama kimekaa sawa pande zote. Hakikai. Unatupa, unaanza upya. Nimeharibu mengi, mpaka moja likakubali. Vidole vinauma hata kuandika.

Jumapili, 10 Septemba
Siku ya kuchagua. Nina vinywa viwili vya kupulizia. Cheusi ni cha tangu fanfare, ile bendi ya misheni, kina alama ya meno yangu. Sauti yake tamu, lakini uwanjani ngoma zitaimeza. Cha chuma kinasikika hadi Ubwari, ila kimeachama, kinataka anche laini. Ukikiwekea ngumu unapuliza ukuta. Anche yangu ya Mutambala ni laini. Basi, chuma.

Apendeki alikuwa jikoni anasikiliza. Kila nikikosea anagonga sufuria kwa mwiko. Ana masikio kuliko mtu yeyote wa orchestre yetu. Nilipopanda noti ya juu, anche ikakwaruza: kwiii! Sufuria ikagongwa. Nimekwangua kidogo, afadhali. Nikapanda tena, sufuria tena.

Naogopa.

Jumatano, 13 Septemba
Repetisyon, mazoezi ya wote. Pale juu: kwiii. Wanawake wakaangua kicheko. Mama Bitisho hakucheka. Alinifokea mbele ya watu wote kwamba nataka kumuua. Nilimchukia barabara.

Jioni akaja nyumbani peke yake, bila kitenge cha chama. Akaketi kwenye benchi la wateja. "Jina yangu njo iko mbele," akasema. "Ikiharibika, batafika kwangu kwanza. Niko na batoto, Asende."

Nami nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Nimemwonyesha anche. Ameigusa kwa ncha ya kidole, polepole, kama anamtoa mtoto takataka jichoni. Dawa ya ile kwiii hatukupata. Chuki imenitoka yote.

Ijumaa, 15 Septemba
Alimasi hajarudi. Nimeenda kutazama ziwa asubuhi, mchana na jioni. Boti za watu wengine tu.

Jumamosi, 16 Septemba
Commissaire alichelewa. Tulisimama juani, anche ikawa inakauka, nikawa nailamba kama pipi. Wimbo ulianza vizuri. Nikapanda. Juu kabisa: KWIII.

Niliiona Fizi. Nilimwona Mulonda nyuma ya watu, ameinamisha kichwa.

Hapo hapo Mama Bitisho akapiga kigelegele, kikali vilevile, juu ya ule mkwaruzo. Wanawake wote wakafuata, mikono juu. Hatukupanga. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Ubeti wa pili nikafika pale pale: kwiii, na vigelegele tena, sasa kama tumezaliwa nao.

Commissaire akasimama. Akapiga makofi. Kisha akatuma mtu: mkubwa anataka ile kelele tena.

Nikapanda. Na anche, shetani huyu, ikatoa noti safi kama maji ya chemchemi! Noti niliyoiomba wiki nzima! Commissaire akakunja uso. Nikaiuma kwa meno. Kwiii. Akacheka, akaketi.

Jumapili, 17 Septemba
Nimelala mchana kutwa.

Amri imekuja: kuanzia sasa, kila animation, ile kelele iwepo. Mama Bitisho ameichukua anche ya Mutambala, kaiweka kwenye kopo la maziwa nyumbani kwake, isipotee. Kabla ya kuondoka alinishika mkono. Nampenda yule mama.

Jumatano, 20 Septemba
Alimasi amerudi. Maandishi ya kiganjani yameshafutika, lakini namba aliikumbuka. Nimerudisha kinywa cheusi, nimefunga anche mpya, nimeketi uani. Noti moja ndefu, ya chini. Sufuria haikugongwa.

Mulonda akaja kutoka kwake. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Ile ya mukubwa," akasema, "nipatie."

Nikabana meno, nikampa kwiii moja. Akacheka mpaka akafuta macho. Sijui kama kilikuwa kicheko peke yake.

Kisha nikapiga wimbo wa zamani wa harusi, taratibu. Vidole vyake vikaanza kupiga ngoma kwenye beseni la Apendeki, kwa sauti ya chini sana. Mahali fulani akapotea mdundo. Aliinua macho upesi, akatazama njia. Hakukuwa na mtu.

Nikarudia kipande kile kile, naye akaingia tena.