Kwa Nini Damu Inatiririka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wifi amekukataza kunyanyua mbao peke yako pale karakana. Sisi hatujambo. Mwanangu amerefuka, sasa ananitazama macho kwa macho na kunijibu hivyo hivyo.

Uliniuliza kwenye simu chuo kinanilipa kwa kufikiria nini. Ni hivi. Ulimwengu una namba zake zisizobadilika, kama kiasi cha umeme kilichomo ndani ya elektroni. Hakuna ajuaye kwa nini ni hizo na si nyingine. Mume wangu alipofariki kwa lile donge la damu pafuni, sikujiuliza kwa nini damu iliganda. Nilijiuliza kwa nini hutiririka hata kwa siku moja. Nikapiga hesabu. Ukizisogeza namba hizo kidogo tu, maji yanakuwa mazito, na damu nayo, na moyo haufui dafu kuisukuma. Nikaandika kwamba zina mipaka.

Siku ya kuisoma kazi hiyo mbele ya wenzangu, alisimama mwalimu wa kemia tunayemwita Mbishi. Akasema hesabu haina kosa, ila mipaka niliyoipata ni ya viumbe wenye damu; jiwe halina habari nayo. Je, asili yenyewe imejiwekea mpaka gani? Nilitaka kumrukia, kaka. Badala yake nikajisikia nikisema sijui, na moyo ukawa mwepesi. Kumbe miaka yote nilikuwa natafuta sheria ya kuilaumu kwa kifo kile.

Tangu hapo tunafanya kazi meza moja, tunabishana mpaka chai inapoa. Yeye anasema namba zingeweza kuwa zozote, mimi nakataa, na makala tumeiandika pamoja hivyo hivyo, bila mshindi.

Sasa kaa kitako. Nilikuapia makaburini kwamba sitaolewa tena, nawe ukanishika mkono ukasema sawa. Mbishi amenichumbia, nami nimekubali. Mwanangu nilipomwambia alicheka, akasema alikuwa akisubiri tu mimi nijue. Marehemu sijamsahau, wala Mbishi hajaniomba nimsahau. Juzi picha ya marehemu ukutani ilipinda. Aliyeinyoosha ni Mbishi, tena kimya kimya.

Mwisho wa mwezi anakuja kuzungumza nawe. Atakubishia hata namna ya kushika randa. Mvumilie, kaka, halafu umwambie ndiyo.

Wifi na watoto wapate salamu zangu zote. Nina furaha, na nilitaka uisikie kutoka kwangu.

Mimi mdogo wako akupendaye.