Dakika Mbili Ninazoziruka

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha wodi.

Leo nesi mkuu kanipa sindano yangu ya kwanza, nikamchome mtoto wa kitanda cha sita. Nikaenda kifua mbele, si ile video ya kufundisha kuchoma sindano nimeitazama mara ishirini!

Nimeshapaka spiriti, sindano mkononi, mama mtu akanidaka mkono: "Nesi, huyu wangu hana sindano! Tumehamishiwa kitanda hiki sasa hivi."

Sasa hivi, shoga! Ningemdunga mtoto wa watu dawa isiyo yake!

Nimeifungua tena ile video. Unanijua, dakika mbili za mwanzo huwa naziruka, naona porojo tu.

Kumbe ndipo mwalimu anaposema: kabla ya yote, uliza jina la mgonjwa.

Shoga, mpaka sasa silijui jina la yule mtoto.