Nilimkana Aliyeniuzia Viti

Mpendwa Mama Theuri, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usinicheke, ingawa najua utanicheka, kwa sababu hata mimi ningekuwa nasoma barua hii ya mtu mwingine nikinywa chai ningecheka kwanza ndipo nihuzunike. Mimi ni mwalimu, kwetu ni Busia, nimeolewa na askari polisi anayeitwa Wandera, tuna msichana mmoja, Mercyline, na mwezi wa Januari tulihamishiwa Nyeri tukapata nyumba hapa Ruring'u, nyumba nzuri tu, lakini tuliingia na kitanda, meko ya gesi na viti viwili vya plastiki, maana ukiolewa na askari unajifunza kutonunua vitu vizito, leo uko hapa, kesho barua ya uhamisho imefika.

Kilichonitia taabuni ni maneno niliyoyasikia kanisani. Tulikuwa tunaosha vikombe baada ya ibada na mama mmoja nyuma yangu akawaambia wenzake, bila kujua nasikia, "Hawa watu wa polisi hukaa kwa nyumba kama wako safari, ati ukienda kuwatembelea unakalia ndoo." Wakacheka. Mama Theuri, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi, kwa sababu yalikuwa kweli, na wiki hiyo hiyo mwenyekiti wetu wa kina mama, anaitwa Kabura, akatangaza kwamba watakuja kwangu kwa itega, yaani kina mama wote wanakuja kwa mgeni wakiimba, wamebeba sufuria na unga na sukari za kumkaribisha, ni jambo la upendo kabisa, lakini mimi niliposikia nilichoona akilini ni wanawake ishirini na viti viwili vya plastiki.

Basi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi nikaona mtu ameandika kwamba anahama na anauza vitu vya nyumba, ndivyo nilivyojuana na Wacera. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na alikuwa anarudi kwa mama yake Wamagana, kila kitu kiko ndani ya maboksi, na bado alifungua boksi moja akatoa vikombe akanipikia chai. Viti vyake vya sofa vilikuwa vya mbao ngumu, nguo yake tu ndiyo ilikuwa imechakaa pale pa kuwekea mikono, na mimi kwa ujanja nikatikisa kimoja nikasema mguu unacheza, na haukuwa unacheza, akanipunguzia bei bila maneno mengi, tena akaniongezea kabati, akasema, "Chukua tu, kwa mami haiwezi ingia mlango."

Nilipofika nyumbani na kufungua droo ya kabati nikakuta vitambaa vya viti, vimefumwa kwa mkono, vyeupe, kumi na viwili vidogo na kimoja kikubwa cha katikati chenye maua ya kahawa pembeni, kazi ambayo sijawahi kuona hata kwa arusi, nikampigia Wacera simu saa hiyo hiyo, naomba ujue kwamba nilimpigia, sikuanza nikiwa mwizi, na yeye akashusha pumzi akasema, "Asante Yesu, nilidhani zimepotea. Hizo ni za mami, nilizitoa kwake nizifue. Niwekee tu Mama Mercy, nitakuja." Nikamwambia zitakuwa salama.

Siku ya itega ilipofika nikaviangalia viti vyangu na ile mikono iliyochakaa, nikaviangalia vile vitambaa, nikasema ni vya siku moja tu, hakuna atakayekufa, nikavitandika. Nyumba ikabadilika. Kina mama waliingia wakiimba na wimbo ukakatika, walisimama wakishika vile vitambaa, wakigeuza nyuma kuona mafundo, na Kabura akauliza, "Mwalimu, hii kazi ni ya nani?" Sijui nilipatwa na nini. Ningesema ni ya mwenye viti. Ningesema nimeazimwa. Nilisema ni yangu, na viti nikasema ni vipya, Wandera ameniletea kutoka Nairobi.

Uongo huo ungeishia hapo ningetubu kimyakimya, lakini Kabura ni mtu wa kazi, kabla hawajamaliza chai walikuwa wameshakubaliana kwamba kila Alhamisi niwafundishe kufuma. Mimi, Mama Theuri, ambaye sijawahi kushika sindano ya kufumia. Nilinunua sindano na uzi nikajifungia chumbani na simu nikitazama mafunzo, na kwa siku nne nikafuma kitu kinachofanana na soksi ya paka. Alhamisi ya kwanza nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Alhamisi ya pili nikafunga bandeji kwenye kidole nikasema nimejikata na kisu. Alhamisi ya tatu walikuja kuniombea kidole.

Walikuwa saba, wameketi kunizunguka, Kabura ameshika hicho kidole kizima kabisa akikikabidhi kwa Bwana, na hapo ndipo mtu akapiga hodi. Nilijua sauti. Nikakimbilia mlango, nikamkuta Wacera ana gambuti zenye tope na mfuko wa nduma, yaani magimbi, akanipa ule mfuko akitabasamu, akasema, "Mama Mercy, nimekuletea nduma za kwetu. Nimekuja kuchukua zile vitambaa za mami." Nyuma yangu watu saba wanasikiliza, na mimi nikapaza sauti nikasema, "Si nilikwambia leo hakuna nguo za kufua? Jaribu nyumba zingine."

Aliniangalia. Halafu akaangalia ndani juu ya bega langu, akaona vitambaa vya mama yake vimelaliwa na migongo ya watu, kile kikubwa kimemwagikiwa chai, na nikaona kabisa jinsi alivyoelewa kila kitu kwa mara moja. Angeweza kuniaibisha pale pale na angekuwa na haki. Alisema, "Sawa, madam," akageuka akaenda zake. Kabura akaniambia, "Hawa wa kuomba kazi usiwazoeshe, watakusumbua," akauliza mfuko ni wa nini, nikasema ni nduma alikuwa anauza, tukazichemsha tukazila na chai. Nilikula mbili.

Jioni hiyo Wacera aliniandikia ujumbe, nimeusoma mpaka nimeukariri. "Mama Mercy, sikutaka kukuharibia mbele ya wageni. Ni vile mami macho zimeisha kabisa. Ako na miaka themanini na moja na hizo vitambaa ndizo za mwisho alifuma kama bado anaona. Kila asubuhi anapapasa kiti akiuliza ziko wapi. Mimi humwambia nimezifua, ziko kwa kamba zinakauka. Kama zote haiwezekani, nisaidie tu na hiyo kubwa." Hebu fikiria, ananiomba kimoja, na vyote ni vyake. Sijamjibu mpaka leo, siku ya kumi na moja. Nilimwonyesha Wandera nikidhani atanitetea, akanirudishia simu akasema, "Phelister, hata mshukiwa tukimshika tunamwandika jina. Wewe huyo mama umemnyima hata jina."

Nimefikiria kuvituma kwa matatu ya Wamagana ndani ya boksi bila barua. Nimefikiria kuwaambia kina mama vimeibwa kwenye kamba. Nimefikiria hata kumwomba Wandera atafute uhamisho. Lile doa la chai nimelisugua limekataa kutoka. Nifanye nini, Mama Theuri, nivirudishe bila hawa kina mama kujua, na uso wangu niuweke wapi? Kabura na wenzake hawasomi gazeti hili la Kiswahili, kwa hivyo ukitaka kuichapisha barua hii ichapishe, badilisha majina tu.

Mama Mercyline, Ruring'u

MAMA THEURI ANAJIBU

Mama Mercyline, nimecheka, basi hilo tulimalize. Nilicheka kwenye kidole. Kwenye nduma sikucheka, niliiweka barua chini nikatoka nje kwanza.

Nikuondolee matumaini mapema: wanasoma. Ukurasa huu ndio wanaoanza nao, habari za siasa zitangoja. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini mwalimu mke wa askari aliyeombewa kidole chenye bandeji, huyo nitambadilisha awe nani? Gazeti linatoka Jumamosi. Nimekupigia simu Jumatatu kukueleza hivyo na umeniambia, ukilia, nichapishe tu. Kwa hivyo swali lako la kuvirudisha bila kina mama kujua limeshajijibu. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imefika mwisho wa lami.

Nakuhurumia pale kanisani. Maneno ya kwenye vikombe ni mabaya, na huyo aliyesema watu wa polisi wanakalisha wageni kwenye ndoo, kama anasoma hapa, na ajipake hiyo aibu yake. Lakini kununua viti vilivyotumika kulikuwa na ubaya gani? Nusu ya sofa za mji huu zimekaliwa na watu wengine kwanza. Mimi mwenyewe ninapoandika nimekalia kiti cha mwalimu mkuu aliyehamia Nanyuki, na nyuma kina shimo la sigara yake. Ungewaambia, "Nimenunua kwa mtu anayehama," Kabura angekuuliza bei, angesema umeibiwa, na mngekunywa chai.

Kosa lako si viti, wala si vitambaa, wala hata si uongo. Vitambaa ulivitandika ukisema ni vya siku moja, hilo ni la kibinadamu. Kosa ni kwamba mwanamke aliyekupikia chai kwa kikombe cha ndani ya boksi alisimama mlangoni pako na zawadi mkononi, ukamfanya mtu wa kufua nguo. Na hivi nikuulize, angekuwa kweli ni mtu wa kufua nguo, ndivyo anavyojibiwa? Hilo pia likae kichwani.

Sasa sikiliza. Usitume chochote kwa matatu. Boksi lisilo na mtu ni uoga mwingine umefungwa kwa kamba. Leo, kabla hujala, mpigie Wacera. Usimwandikie, mpigie, na asiposhika piga tena. Sema hivi: "Wacera, nilikukana kwa sababu niliogopa kuchekwa. Vitambaa viko vyote. Naomba ruhusa nije nivilete mwenyewe." Kisha nyamaza. Akikutukana pokea. Akikwambia usikanyage kwao, atachagua yeye mahali pa kukutana nawe, na utafika kabla yake.

Doa lile acha kulisugua, utakata uzi. Loweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande tangu jioni, asubuhi kisuuze na ukitandaze kwenye nyasi juani, usikitie dawa ya kung'arisha, hiyo huula uzi. Likibaki, lipeleke lilivyo na ulitaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Alhamisi wapokee kina mama na viti vikiwa wazi, mikono iliyochakaa ionekane. Hata kama wameshasoma hapa, waambie kwa mdomo wako kabla ya chai, si baada, na uanze na aliyekuja mlangoni, si na viti. Mwombe Wacera ruhusa ya kumtaja jina. Watakucheka, tena sana. Mmoja atakuwa na hasira kwa sababu alikiombea kidole kizima kwa machozi, na ana haki yake. Usijitetee kwa kutaja maneno ya ndoo, hayo mtazungumza mwaka ujao mkishakuwa marafiki. Na soksi ya paka waonyeshe, itasaidia.

Najua pia unachokiwaza sasa, kwa sababu walimu mnapenda mambo yafungwe vizuri: umwalike Wacera awe ndiye anayewafundisha kina mama kufuma, yaishe kwa wimbo. Usithubutu. Hujamlipa hata pole, unataka kumpa kazi. Kama siku moja atataka kuja, atakuja kwa miguu yake. Na uhamisho usiutafute. Utakokwenda pia kuna watu, na wewe ndiye utakayefika huko.

Kwa mama yake usiende mikono mitupu, sukari na mkate vinatosha, lakini usivitangulize. Ukifika usimwachie Wacera vitambaa hapo mlangoni ukakimbilia gari. Ingia. Mama huyo amepapasa kiti kila asubuhi na kujibiwa uongo, na binti yake amelazimika kuusema kwa sababu yako. Mwekee kile kikubwa mapajani, kaa karibu naye, umwache avishike kimoja kimoja mpaka aridhike. Akikuuliza vilikuwa wapi siku zote hizo, mwambie vilikuwa kwako.