Muratina Imeiva Lodwar

Baba,

Imeiva! Muratina imeiva hapa hapa Lodwar, kwenye joto ulilosema litaniyeyusha! Natamani ningekimbia hadi kaburini kwako Nyandarua, kwenye ule mteremko wa ukungu na mizinga yako ya nyuki, nikupigie kelele usikie.

Tulipomaliza kukuzika, Baba Mdogo alisema wazi kwamba bila muratina ndoa yangu na Ekai, yule mwalimu wa Kakuma, haipo. Ekai angeleta ngamia na mbuzi wote wa Turkana, lakini bila pombe ya asali, wazee wetu hawaketi. Basi Baba Mdogo akapanda lori kuja hapa Lodwar kwa kina Ekai, na kibuyu chako na vile vipande vya tunda la mwegea vya kuichachusha, ulivyovikausha mwenyewe. Mama Ekai akatoa asali.

Sasa cheka, Baba. Kibuyu akakiweka kando ya meko, akakifunika blanketi! Eti ndivyo tunavyofanya kwetu. Kwetu kuna baridi, jamani! Mama Ekai akasimama mlangoni, akatazama jua, akatazama blanketi. "Hiyo mtoto iko na homa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake ilikuwa imechacha kupita kiasi, siki tupu. Nikalia. Baba Mdogo akaanza kufunga mzigo, akisema muratina ni ya mlimani, na mlima hauhamishwi.

Mama Ekai akaleta asali tena. Tulitengeneza nyingine kwa vipande vilivyobaki, akabeba kibuyu hadi mto Turkwel, akakifukia kwenye mchanga mbichi wanakochimba maji. Baba Mdogo alikaa hapo kukilinda, akinung'unika. Tulipokifukua kilikuwa kinachemka taratibu. Sauti ile ile, Baba! Ulikuwa unanishika kichwa, unaniweka sikio kibuyuni: "Sikiza, mlima unaongea."

Jana wazee waliketi. Baba Mdogo akamwaga kidogo chini, sehemu yako, akanipa pembe iliyojaa muratina na kuuliza swali ambalo kwetu binti huulizwa na babake: "Tunywe?" Nikikataa, hakuna ndoa. Tangu utotoni nilijua nitakujibu wewe, si mtu mwingine. Ekai masikini alikuwa akitiririka jasho.

Nikainamia udongo uliolowa. "Kunywa, Baba."

Wanawake wa Kiturkana wakapiga vigelegele, na Baba Mdogo, yule mkali, akafuta macho kwa kofia yako aliyoivaa.

Vipande nimevianika tena. Mjukuu wako nitamweka sikio kibuyuni, nakuahidi. Kwaheri, Baba. Kunywa.

Binti yako,
Wambui