Aliyeunguza Koti Si Mpiga Pasi

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu, tangu mkanda wako wa kupimia ubaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Wajukuu wakiunyooshea mkono nawaambia, "Acheni, wa babu huo."

Mtaani walikuita Bwana Upindo. Sare ya mtoto wa shule uliikunjia ndani vidole vinne vya kitambaa cha ziada, ili mwaka ukigeuka mama yake afumue tu, nguo irefuke. Mafundi wenzako wakikucheka: "Sasa wewe, wateja watarudi lini?" Nawe, pini mdomoni: "Warudi kunisalimia." Juzi mama mmoja alinisimamisha njiani. "Nimefumua upindo wa mwisho," akasema. "Fundi bado anatuvisha."

Cherehani yako uliibembeleza kama mke mwenzangu, mpaka nami asubuhi nikawa nauliza, "Bibi mdogo ameamkaje?"

Sisi Wahindu tunafundishwa kwamba roho huzaliwa tena, na kwamba yatakayoikuta huko yanatokana na iliyoyatenda hapa. Wewe ulilieleza kifundi: "Tukifa tunaacha kila kitu dukani, ila vipimo tunaondoka navyo. Huko tunashonewa kwa hivyo hivyo."

Kwa upindo peke yake ningekuwa na amani. Lakini lipo lile koti.

Ni miaka tisa sasa. Koti la bwana harusi, la kijivu, lilikuwa la kuchukuliwa mchana ule. Mpiga pasi wako, tuliyemwita Mvuke, alikuwa ametoka kuchota maji. Ukaona kola imejikunja, ukaishika pasi mwenyewe. Mimi nikakuita mlangoni nikulalamikie bomba linalovuja, ukaja, na pasi ukaiacha imelala juu ya kifua cha koti. Tulipogeuka, moshi.

Mwenye koti akaingia wakati huo huo. "Nani kafanya hivi?"

Ukanyamaza. Macho yako yakamwangukia Mvuke, aliyekuwa anaingia na ndoo, na mwenye koti akayafuata. Mimi nikatazama sakafu.

Mvuke akaweka ndoo chini. "Fundi," akakwambia, "sema basi."

Hukusema. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna fundi mtaani aliyempa pasi. "Yule? Yule anachoma nguo za watu!"

Ulipolala kitandani wiki zile za mwisho uliniambia, "Mke wangu, niitie Mvuke." Nikakujibu, "Pumzika kwanza, upate nguvu." Nguvu haikuja. Kuomba uliomba wewe. Kuchelewesha nilichelewesha mimi.

Nilimuuliza kuhani wa hekalu letu kama naweza kukubebea tendo lile kwa sala na kufunga. Akasema, "Mama, sala omba. Lakini tendo lake ameondoka nalo, na majuto yake ameondoka nayo pia. Wewe hujaondoka. La kwako bado liko mikononi mwako."

Basi mwezi uliopita mimi na binti yetu tulimtafuta Mvuke. Tulimkuta akianika mashuka ya nyumba ya wageni. Nikamweleza yote. Hakuacha kubana vibanio.

"Shemeji, mimi nilijua ni nani. Pasi ile niliiacha imesimama."

"Utatusamehe?"

"Fundi nilimsamehe siku niliyosikia amefariki. Nisipomsamehe tutakutana tena huko, na kwa bahati yangu hii atazaliwa bosi wangu mara ya pili!"

Akacheka, nasi tukacheka. Kisha akashusha shuka lililokuwa mkononi.

"Lakini jina langu, shemeji? Mlilichafua dukani, mbele za watu. Leo mnakuja kunifulia uani?"

Binti yetu alinitazama. Jibu langu ni hili.

Basi mtaa mzima na usome hapa gazetini: koti lile liliunguzwa na mume wangu, mimi nikijua, nikanyamaza. Mvuke hakuwa na kosa. Nguo zenu mpeni bila wasiwasi.

Mume wangu, sijui leo uko mikononi mwa mama gani. Wala sijui kama maneno haya yanakupunguzia hata uzi mmoja. Nimeyaandika kwa sababu yalikuwa ya kweli siku ile pia. Huko uliko, nakuombea mtu wa kukwambia "sema basi." Na safari hii, useme.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yetu na mumewe, mdogo wako fundi viatu, na wajukuu wanne; sare ya yule mdogo bado ina vidole viwili ambavyo havijafumuliwa.

Daima tutakukumbuka kama ulivyotufundisha kukagua nguo: upande wa nje, na upande wa ndani.